Simu Arobaini na Moja Kabatini

Baraka, 6 Oktoba 2012

Yaya Norbert, kaka yangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu sina tena. Tafadhali maliza kusoma kabla hujakasirika, nakujua.

Alhamisi, baada ya kupandisha bendera, Bwana Préfet Raphaël, mkuu wetu wa shule, alitoka ofisini na kile kikapu cha kubebea mihogo ya jikoni. Akasoma tangazo: kuanzia siku hiyo hakuna mwanafunzi, wa kutwa wala wa bweni, atakayeshika simu ndani ya shule. Simu zinaharibu nidhamu, zinaleta udanganyifu katika mitihani, zinaimba wakati wa masomo ya jioni. Kisha akapita mstari kwa mstari. Simu arobaini na moja. Kila moja imefungwa kwa karatasi yenye jina la mwenyewe, na zote ziko ndani ya kabati la chuma ofisini kwake. Ya mwisho kuingia kikapuni ilikuwa ya kwake. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Ungekuwa mwaka mwingine ningenyamaza, Yaya. Lakini kila siku mitumbwi inashusha watu kutoka rasi yetu ya Ubwari pamoja na magodoro yao. Wengine wanasema mapigano yamefika kijijini kwetu, wengine wanasema yalipita pembeni. Nimeuliza kila mama anayeshuka kama amemwona mama yetu, Mama Georgette. Mmoja akanijibu: «Mutoto, kila muntu alikimbia na njia yake.»

Sasa fikiri pamoja nami. Mama hajui kusoma. Namba yako ya Bukavu aliandikiwa kwenye karatasi, karatasi iko nyumbani, na nyumba sijui kama bado ipo. Namba anayoijua kwa kichwa ni moja tu, ya kwangu. Nilimfundisha mimi mwenyewe tukitwanga mihogo, pigo moja tarakimu moja, mpaka akaizoea kama wimbo wa kanisani. Popote alipo, akipata simu ya kuazima, ataita namba hiyo. Na namba hiyo iko kabatini, imezimwa.

Wewe unajua kusema na wakubwa. Sema nao.

Mdogo wako,
Divine


Bukavu, 11 Oktoba 2012

Bwana Préfet,

Ninakuandikia kwa heshima inayostahiliwa na umri wako, na kwa hasira inayostahiliwa na kitendo chako.

Ni wewe uliyenifundisha, nikiwa mwaka wa tano, katika darasa lile lenye dirisha moja, kwamba amri isiyotoa sababu ni fimbo iliyovaa tai. Niliiandika sentensi hiyo kwenye jalada la daftari langu. Nimetembea nayo mpaka chuo kikuu, nimeisema mbele ya rekta wa chuo, nimeisema mbele ya polisi. Leo nalazimika kuisema mbele yako.

Naam, simu huimba darasani. Naam, yupo anayenakili majibu ya hesabu kwa ujumbe mfupi. Nani anabisha? Wekeni saa. Wekeni sanduku mlangoni somo linapoanza, mzirudishe simu kengele ikilia. Hakuna mwanafunzi mwenye akili atakayepinga utaratibu wa namna hiyo, na mimi ningekuwa wa kwanza kuutetea. Lakini kuzifungia simu asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, wakati Ubwari inakimbia na kila familia imebaki na uzi mmoja tu wa kuulizana «uko hai?», hiyo si nidhamu, Bwana Préfet. Huko ni kuwaziba watoto masikio wakati mama zao wanawaita.

Nimeipiga namba ya Fabien mara kumi na nane. Haipatikani. Unaijua simu ya Fabien kama ninavyoijua mimi: kijiji chetu kizima hakina mtandao ila juu ya kile kilima chake, na juu ya kile kilima hakuna simu nyingine. Anayetaka kuzungumza na dunia hupanda kwa Fabien, huazima, huita, hushuka. Iwapo mama yetu yuko hai, siku moja atapanda au ataazima kwa mwingine. Na ataita nani? Ataliita kabati lako.

Nataka majibu mawili. Kwanza, ni kwa sheria ipi umechukua mali ya watoto arobaini? Pili, siku mama mmoja atakapokufa bila kusikia sauti ya mtoto wake, utaandika nini katika ripoti yako ya nidhamu?

Aliyekuwa mwanafunzi wako,
Norbert Wilondja


Baraka, 16 Oktoba 2012

Mwanangu Norbert,

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali. Tumeisoma watu kadhaa, basi. Mimi nimeifurahia lugha yake. Wengine sijui wamefurahia nini.

Tangazo langu lilitaja nidhamu, na nidhamu ndiyo sababu ninayoisema. Ukiona haitoshi, una haki. Wewe hukuwahi kutosheka na jibu la kwanza, na mimi nilikupa alama kwa ajili hiyo.

Nakuomba jambo ambalo sikuwahi kukufundisha: uniamini bila maelezo. Si milele. Mpaka Noeli tu. Kutoka hapa mpaka kwako kuna vizuizi vitatu, na dereva Nicolas, anayebeba barua zetu, anasimamishwa katika kila kimoja. Yako mambo ambayo karatasi haiwezi kuyabeba.

Mwambie Divine kwamba kila asubuhi, kabla ya kengele, nashuka bandarini mwenyewe kumwulizia mama yenu. Jana mwanamke mmoja aliniambia alimwona akiwa na ndoo kichwani, anatembea vizuri, upande wa mlimani. Sina hakika. Nakuandikia hivyo hivyo.

Kingine: usiwaandikie wanafunzi wangu. Niandikie mimi, unitukane upendavyo. Wao uwaache.

Raphaël Etabo


Bukavu, 20 Oktoba 2012

Mdogo wangu Divine,

Préfet amenijibu. Anaomba nimwamini bila maelezo! Hapa chuoni, mwezi wa tano, walipofunga bweni letu, walitumia maneno hayo hayo: kuna mambo hamwezi kuambiwa, ni kwa ajili ya usalama wenu. Tulipolifungua kwa nguvu tulikuta wamepangisha vyumba kwa wageni. Tangu siku ile nimejifunza kwamba siri ya mwenye ufunguo ni ufunguo wenyewe.

Anadai mama alionekana na ndoo. Ni neno la kututuliza. Angekuwa na uhakika angekuita ofisini akuambie uso kwa uso.

Ukurasa wa pili wa barua hii si wako peke yako. Usome kwa wenzako wote, wa kutwa na wa bweni, wa ziwani na wa mlimani. Usome kwa sauti.

«Wanafunzi wenzangu wa Baraka!

Mmeambiwa kwamba simu ni adui wa elimu. Nani aliyechoma shule za Fizi, simu? Nani aliyewafanya walimu wenu wavuke ziwa kwa mtumbwi, simu? Nani amewakalisha wanafunzi wanne kwenye benchi la wawili? Wakubwa wenu wameshindwa kuwaondolea bunduki barabarani, ndipo wakakumbuka kwamba wanaweza kuwaondolea simu mifukoni. Mwenye nguvu humvua silaha yule tu aliye karibu naye na asiye na silaha.

Kila mmoja wenu ana mtu porini, ziwani au kambini anayejaribu kumpata. Kabati ni chuma cha kuwekea karatasi. Halina haki ya kuwekewa sauti za mama zenu. Mmeomba kwa adabu. Mimi nimeomba kwa maandishi. Kilichobaki ni mlango, na mlango ni mbao.

Nendeni wote kwa pamoja, mchana, bila jiwe, bila tusi. Msimguse mtu. Chukueni kilicho chenu, kila mmoja cha kwake, kisha rudini darasani mkaendelee na somo. Hiyo ndiyo nidhamu ya watu huru.»

Usiogope, Divine. Historia haikuandikwa na waliosubiri Noeli.

Kaka yako,
Norbert


Baraka, 25 Oktoba 2012

Yaya! Yaya! Yaya!

Mama yuko hai.

Nianze mwanzo, nisije nikakuchanganya. Nilisoma ukurasa wako jana wakati wa mapumziko, nimesimama juu ya benchi. Nilipofika kwenye «mlango ni mbao», wavulana wa mwaka wa sita hawakusubiri nimalize. Tulikwenda wote. Mlango wa ofisi ulitoka kwa mabega matatu, na kabati la chuma walilivunja kwa mpini wa jembe. Hakuna aliyemgusa mtu, kama ulivyoagiza.

Aliyebaki darasani ni Bazubagira peke yake. Unamkumbuka, yule wa milimani ninayelala naye kitanda kimoja, juu na chini. Baba yake yuko huko juu na ng'ombe, hana habari naye tangu mwezi wa nane, na bado hakuenda. Nilimwuliza kama haogopi kwa ajili ya baba yake. Akasema: «Naogopa sana. Lakini Préfet hana tabia ya kunyang'anya. Mi nangojea anieleze.» Wengine wakamzomea, wakamwita mtoto wa Préfet. Mimi pia nilicheka kidogo. Nimejuta.

Préfet alikuwa akitoka bandarini. Alitukuta uani, kila mtu na simu mkononi kama siku ya kutoa matokeo. Hakupiga kelele. Alimtazama kila mtu usoni kana kwamba anahesabu, akanijia mimi moja kwa moja, akasema kwa sauti ndogo: «Divine, zima hiyo. Tafadhali, mwanangu, izime sasa hivi.» Sijawahi kusikia mkubwa akiniomba namna hiyo. Ningeizima, naapa. Lakini palepale ikaita.

Namba ya Fabien. Na ndani yake, mama. «We Divine! Siku kumi na mbili ninapanda huku kila siku, unafanya nini na telefone yako? Unaipikia?» Alikuwa anahema kwa kilima. Walikimbilia mashambani, wakarudi; nyumba imesimama, mbuzi hawapo. Fabien alikuwa ameificha simu yake chini ya mawe mpaka risasi zilipotulia, na hata sasa huiwasha tu mtu akitaka kuita. Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula. Tulizungumza mpaka simu yangu ikafa chaji, ndiyo maana sikuwahi kukupigia na nakuandikia tena kwa kalamu.

Nilipoinua macho, Préfet alikuwa bado amesimama pale. Nilimwambia, «Bwana Préfet, mama yuko hai.» Akasema, «Ashukuriwe Mungu.» Kisha akaniuliza kwa namba gani. Nikamwambia. Akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

Yaya, umeshinda. Asante.

Divine


Baraka, 27 Oktoba 2012

Yaya,

Sijui barua ipi itakufikia kwanza, hii au ile ya juzi. Kama ni hii, usiisome ile.

Jana saa nne wanajeshi wa kile kikosi kilichopiga kambi karibu na uwanja walizunguka shule. Kamanda wao alikuwa na karatasi ndogo mkononi. Akaamuru simu zote ziwekwe juu ya meza ya mwalimu, chini ya bendera. Hakuna aliyeuliza sheria ipi. Tuliziweka wenyewe, mmoja mmoja, haraka zaidi kuliko tulivyozitia kikapuni mwa Préfet.

Alikuwa na betri yake. Zilizozimika aliziwasha. Akafungua kila simu, akatazama orodha ya walioita, akalinganisha na karatasi. Katika simu thelathini na kitu hakukuta anachotafuta. Alianza kuchoka. Kisha akafika kwenye ile yenye maua mawili niliyoyabandika nyuma, akasimama.

«Hii telefone iko ya nani?»

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Bazubagira alikuwa nyuma yangu, akanishika kiuno kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke. Na kabla sijatoa neno, Préfet akasema:

«Iko yangu.»

Kamanda akaigeuza, akaona maua, akacheka. Wote wakacheka. «Préfet muzima, na telefone ya maua?»

«Nilinunua kwa mutoto,» akasema Préfet. «Bibi yangu iko muntu wa Ubwari. Nasalimia bakwe.»

«Unajua hii namba iko ya nani?»

«Iko ya Fabien.»

«Fabien gani? Hii namba iko ya adui.»

Walimfunga mikono kwa kamba, ile ile tuliyokuwa tunachotea maji kisimani. Alipopita karibu na mstari wetu hakunitazama kabisa. Alimtazama kila mtu isipokuwa mimi. Walimpandisha gari, watu wanasema amepelekwa Uvira.

Mimi nilinyamaza, Yaya. Mpaka sasa nimenyamaza. Nifanye nini?

Divine


Bukavu, 29 Oktoba 2012

Divine shujaa,

Barua yako ya tarehe 25 nimeipokea leo na nimeisoma mbele ya kamati nzima ya wanafunzi. Walisimama! Uliposimulia sauti ya mama, vijana wakubwa walipangusa macho. Nimewaambia: hii ndiyo maana ya neno linapotoka kwenye karatasi na kuwa bega. Tunaandaa waraka mkubwa zaidi, kwa shule zote, kutoka Nundu mpaka Lulimba.

Msimwonee Préfet huruma iliyozidi. Machozi ya mtawala aliyeshindwa ni mbinu ya mwisho ya utawala.

Mwambie mama ninakula.

Norbert


Uvira, 6 Novemba 2012

Norbert, mwanangu,

Naandika juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, nisamehe mwandiko. Mlinzi mmoja hapa alisoma kwangu mwaka wa pili. Barua hii atamkabidhi Nicolas mkononi, haitapita mikono mingine. Kwa hiyo leo naweza kukujibu yale maswali yako mawili.

Mwishoni mwa Septemba kamanda aliniita, akaniwekea namba mezani. Alisema wapiganaji wa Ubwari huitumia kuuliza habari za wanajeshi mjini, na kwamba ana hakika wapo wanafunzi wangu wanaopokea. Niliitambua nilipoona tarakimu nne za mwisho. Ni simu ya Fabien. Wewe na mimi tunajua Fabien ni mtu wa aina gani: hamnyimi mtu. Wamama wanapanda, anawapa. Wachuuzi wa dagaa wanapanda, anawapa. Wenye bunduki walipopanda, aliwapa nao, angefanya nini? Kwa mtu wa huko, namba ile ni kilima. Kwa mtu aliyeitazama kwenye karatasi akiwa Baraka, ni adui mmoja mwenye marafiki wengi.

Nilijaribu kumweleza. Akaniambia: «Basi kila anayepokea namba hii ataeleza mwenyewe.» Nilijua wanavyoeleza wanaokwenda kueleza. Nikamwomba anipe nafasi nitafute mimi, ndani ya shule yangu. Akakubali.

Ningewaita watoto wa Ubwari peke yao, shule nzima ingejua ni akina nani. Ndiyo maana nilichukua zote, na ya kwangu juu yake, na nikasema nidhamu. Nilikaa siku nzima na kikapu kile. Kumi na moja zilikuwa na namba ya Fabien. Nikaifuta moja baada ya nyingine, kisha nikazizima, ili mama zenu wasiendelee kuwaandikia hukumu bila kujua. Nilikuwa nangoja kikosi kile kibadilishwe. Walisema kabla ya Noeli. Lakini habari za mlango uliovunjwa zilifika kambini kwanza.

Utauliza kwa nini sikumwambia hata Divine. Kwa sababu msichana akijua kwamba sauti ya mama yake inaweza kumwua, atalia, na bwenini kilio huulizwa. Na kwa nini sikukuambia wewe? Ningekuambia, ungeandika.

Usijibebeshe yote. Mimi nilikufundisha kudai sababu, kisha nikakunyima sababu na kukutaka utulie kama mtu niliyemfundisha kitu kingine. Hilo ni kosa la mwalimu.

Sasa amri yangu ya mwisho, na hii ina sababu. Divine asifungue kinywa. Wewe usiandike waraka. Mkisema simu ni yake, watamleta hapa, na mimi hawataniachia. Watakuwa na wawili. Mimi ni mzee, nimezoea kukaa kwenye benchi gumu. Nimeona wasichana walioletwa hapa. Sitakuandikia nilichoona.

Mke wangu Félicité anajua. Msimpelekee pole, itaonekana. Mpelekeeni kuni.

Raphaël


Bukavu, 10 Novemba 2012

Divine,

Nimepokea barua yako ya tarehe 27, na nyingine kutoka kwa Préfet, siku moja. Ile ya kwangu ya tarehe 29, kama imekufika, ichome. Tafadhali. Nisingependa iwepo duniani.

Nitakueleza kwa ufupi, sina nguvu ya kueleza kwa urefu. Préfet alijua kwamba namba ya Fabien inasakwa. Alizificha simu ili mama zetu wasiwatie hatiani. Alizifuta zote. Simu yako ilikuwa safi, Divine, ilikuwa safi kabisa, mpaka mimi nilipokuambia usimame juu ya benchi. Mama alipokuita, namba ikaingia upya, peke yake, katika simu moja kati ya arobaini na moja.

Usiseme kwamba ni wewe uliyepokea. Ni mimi niliyepiga.

Kamati wamesikia kwamba Préfet amekamatwa. Wamekuja chumbani kwangu: «Norbert, andika! Ni mwalimu wako!» Nikaketi, nikaandika kurasa nne kwa pumzi moja. Maneno yalikuja yenyewe, kama yanavyokuja daima. «Wamemfunga mwalimu kwa kosa la…» Nikafika hapo nikakwama. Kwa kosa la nani? Nikaurudia ule waraka niliokutumia, nikakutafuta wewe ndani yake, nikamtafuta mama, nikamtafuta Préfet. Hamkuwamo. Nilikuwamo mimi tu, nimesimama vizuri. Nimezichana zote. Wenzangu wanasema nimenunuliwa. Wacha waseme.

Anaamuru tunyamaze. Nikinyamaza, anaoza pale kwa ajili yetu. Nikisema, wanakuja kukuchukua. Siku mbili sijalala kitandani, natembea tu ndani ya chumba. Maisha yangu yote nimeamini kwamba hakuna jambo ambalo kulisema waziwazi hakulifanyi liwe bora. Nitafutie neno moja lisiloua mtu, Divine, nami nitaliandika.

Kaa kimya kama alivyosema. Mpelekee Mama Félicité kuni. Usiniandikie lolote lenye jina.

Norbert


Uvira, 19 Novemba 2012

Yaya,

Sikukutii. Préfet naye sikumtii. Lakini pia sikusema, kwa hiyo usitetemeke.

Nilivuka kwenda Ubwari kwa mtumbwi wa dagaa, nikamweleza mama kila kitu. Alinisikiliza huku akipeta unga, hakuacha kupeta. Mwishoni akauliza: «Kwa hiyo bwana yule iko gerezani kwa sababu mi nilikusalimia?» Nikasema ndiyo. Akaweka ungo chini, akaenda nyumba kwa nyumba.

Tulifika hapa Uvira Jumamosi, wamama ishirini na sita na Fabien. Fabien alivaa suti ya harusi yake. Walikaa mbele ya lango la wanajeshi, chini, wamenyoosha miguu kama kwenye matanga. Mlinzi akawafukuza, wakasogea hatua tatu wakakaa tena. Mwishoni afisa mmoja akatoka. Mama akasimama wa kwanza, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, ili nisitoe sauti. Akasema: «Ile namba munatafuta, ni mi nilipiga.» Akasimama wa pili: «Hata mi.» Wa tatu: «Mi nilipiga kwa mukwe wangu Nundu, alikuwa amezaa.» Wote, Yaya, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina la aliyemwita na walichosalimiana. Mmoja alisimulia mpaka bei ya chumvi. Afisa aliandika majina yao yote, kisha akaacha kuandika, akatuangalia tu. Fabien akatoa ile simu mfukoni, akaiweka chini mbele ya viatu vya afisa. Akasema: «Ni hii. Iko ya kilima.»

Afisa aliingia ndani. Alikaa sana. Aliporudi alisema: «Rudini kwenu. Mumesikilizwa.» Mama akauliza: «Na Préfet?» Akasema Préfet hayupo hapa. Aliondolewa Alhamisi. Wapi? Hajui. Na nani? Hajui. Yule mlinzi aliyesoma kwake naye hayupo kwenye zamu, na hakuna anayetaja alikokwenda.

Tulichelewa siku mbili.

Wamama hawataki kurudi. Wamepika uji palepale kwenye lango. Mama anasema atakaa mpaka aonyeshwe mtu huyo, mzima au vinginevyo, maana hawezi kumwambia Félicité «hayupo» kana kwamba ni mboga sokoni.

Uliniomba neno moja lisiloua mtu. Ninalo. Uliza yuko wapi. Uliza hivyo tu, Yaya. Usiongeze kitu.

Divine


Bukavu, 24 Novemba 2012

Kwa Bwana Mkuu wa kikosi,

Hii ni barua yangu ya nne.

Natafuta habari za Raphaël Etabo, mwenye miaka hamsini na sita, préfet wa shule huko Baraka. Alikamatwa tarehe 26 Oktoba. Alikuwa Uvira mpaka tarehe 15 Novemba. Anavaa miwani.

Siku ya kukamatwa alikutwa na simu iliyopokea namba ya mtu anayeitwa Fabien, wa Ubwari. Tarehe 17 Novemba wanawake ishirini na sita walikuja kueleza namba hiyo ni ya nini. Majina yao mnayo.

Mlango wa ofisi ya shule ulivunjwa tarehe 24 Oktoba. Walioubomoa waliambiwa wafanye hivyo kwa maandishi. Aliyeandika ni mimi. Raphaël Etabo alikuwa amenikataza.

Naomba kuambiwa yuko wapi.

Nakaa Kadutu, nyuma ya soko, nyumba ya tatu baada ya bomba. Kama kuna la kuniuliza, nipo kila siku. Sitatoka.

Norbert Wilondja